Ahadi za kubana matumizi na mzigo wa kunusuru mashirika: Somo kutoka reli ya Mpanda

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Tawi la reli linalotoka Kaliua mkoani Tabora huishia Mpanda. Lina urefu wa kilomita zipatazo 210, nalo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu moja kubwa: kusafirisha madini ya risasi kutoka katika mgodi wa Mpanda hadi Reli ya Kati na kisha bandarini Dar es Salaam. Mgodi ule ulifungwa karibu na wakati wa Uhuru. Mteja mkuu aliyeifanya reli hiyo ijengwe akaondoka, lakini reli ikabaki, na watu wakabaki pamoja nayo.

Tangu wakati huo, swali moja limekuwa likirudi kila Serikali inapopanga bajeti, ingawa si mara zote linatamkwa kwa sauti: nani alipe gharama ya reli ambayo nauli za abiria na ushuru wa mizigo havitoshi kuiendesha? Swali hilo haliihusu Mpanda peke yake. Ni swali lile lile linaloulizwa kuhusu ndege, simu, umeme na kila shirika la umma linalofunga mwaka kwa hasara na kuitazama Hazina. Viongozi wa awamu mbalimbali wamelijibu kwa ahadi zinazofanana, kwamba matumizi yasiyo ya lazima yatakomeshwa na mashirika yatajitegemea. Ahadi hizo zimetekelezwa kwa sehemu, na kwa sehemu kubwa zimevunjika. Kuelewa kwa nini zinavunjika kuna manufaa kwa mkazi wa Katavi kuliko kurudia lawama.

Historia ndefu ya ahadi

Msafiri wa treni anayetoka Tabora kwenda Mpanda hupita Urambo kabla ya kufika Kaliua. Urambo ni mojawapo ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, yaliyochaguliwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947 kwa ajili ya mpango mkubwa wa kilimo cha karanga. Wanasiasa wa London waliwaahidi walipa kodi wao mafuta ya kula ya bei nafuu. Matrekta yaliletwa kabla ya udongo kupimwa vya kutosha na kabla ya mvua kuchunguzwa. Mwaka 1951 mpango ulisitishwa na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Huo ulikuwa mfano wa mapema katika ardhi ya Tanganyika wa fedha ya umma kuitangulia hesabu.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma. Mashirika yalijenga viwanda, yakatoa ajira na kufikisha huduma katika mikoa ambayo mtaji binafsi haukuona faida. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa karibu 400, na mengi yalikuwa yakiendeshwa kwa mikopo ya benki za umma ambayo hayakuweza kuilipa. Mwaka 1991 ilitungwa sheria ya kuanzisha chombo maalumu cha kuchukua madeni mabaya ya mashirika na vyama vya ushirika, ili Benki ya Taifa ya Biashara isizame nayo. Mwaka 1992 ikafuata Sheria ya Mashirika ya Umma, na Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ikapewa kazi ya ubinafsishaji. Ahadi ya wakati huo ilikuwa wazi: Hazina isingeendelea kubeba hasara za biashara.

Serikali ya Awamu ya Tatu chini ya Rais Benjamin Mkapa iliiongezea ahadi hiyo nidhamu ya fedha. Kuanzia mwaka 1996 Serikali ilitumia kwa kadiri ya makusanyo ya mwezi, utaratibu uliokuwa mgumu kwa wizara na halmashauri lakini uliosaidia kushusha mfumuko wa bei. Hapa ndipo lilipo somo la kwanza. Ahadi ya kubana matumizi iliyowekwa ndani ya utaratibu wa kila mwezi ilidumu, kwa kuwa haikutegemea hotuba.

Ubinafsishaji uliorudi Hazina

Ahadi ya kutobeba hasara za mashirika haikuwa na bahati hiyo. Shirika la Ndege, lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, liliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini mwaka 2002. Ubia huo ulivunjika mwaka 2006 na mzigo ukarudi kwa Serikali. Desemba 2008 mamlaka ya usafiri wa anga ililisimamisha shirika hilo kuruka kutokana na mapungufu ya kiusalama na kiutendaji.

Reli ilipita njia inayofanana. Mwaka 2007 Kampuni ya Reli Tanzania ilianza kuendeshwa na kampuni ya RITES ya India iliyokuwa na asilimia 51 ya hisa, kwa mkataba wa miaka 25. Serikali ilibaki na asilimia 49. Muda haukupita mrefu kabla ya wafanyakazi kugoma kwa sababu ya mishahara na Serikali kulazimika kusaidia malipo. Mwishoni mwa mwaka 2009 mafuriko yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe. Kufikia mwaka 2011 Serikali ilikuwa imechukua tena hisa zote, na mkataba uliotarajiwa kudumu robo karne haukufikisha hata miaka mitano.

Mpanda iliyaona matokeo hayo kwa karibu. Ni mwisho wa tawi, na kila kinachopungua katika Reli ya Kati hupungua zaidi huku. Injini zikiwa chache, treni za kwanza kupunguzwa ni za matawi. Kwa miaka ambayo barabara ya lami kutoka Tabora ilikuwa bado haijafika, kuchelewa kwa treni kulimaanisha mahindi kukaa ghalani, tumbaku kuchelewa mnadani, na mgonjwa aliyepewa rufaa kusubiri siku nyingine.

Mwaka 2009 dunia ikiwa katika msukosuko wa fedha, Marekani ilikuwa imeidhinisha dola bilioni 700 kunusuru mabenki, na mataifa mengine yakafuata. Tarehe 10 Juni 2009, mjini Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya shilingi trilioni 1.7. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya shilingi bilioni 20 za kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa walioathiriwa na kuporomoka kwa bei katika soko la dunia, pamoja na dhamana za mikopo. Hoja ya Serikali ilikuwa ya msingi: mnunuzi akifilisika, mkulima hana wa kumuuzia. Baadaye mjadala bungeni ulijikita katika swali ambalo hujirudia kila fedha za namna hiyo zinapotolewa, nalo ni nani hasa alifidiwa, kwa nyaraka zipi, na mkulima alipata nini.

Mtoto wa Mkulima na mashangingi

Katavi ina nafasi ya pekee katika historia ya ahadi za kubana matumizi. Februari 2008, baada ya kamati teule ya Bunge kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Aliyeteuliwa kushika nafasi yake ni Mizengo Pinda, mbunge aliyetoka Mpanda Mashariki, aliyejulikana nchini kote kwa jina la Mtoto wa Mkulima. Alidumu katika wadhifa huo hadi Novemba 2015.

Katika kipindi chake Pinda alikemea mara kwa mara ununuzi wa magari ya kifahari, yale ambayo wananchi wameyapa jina la mashangingi. Alieleza kuwa magari ya bei nafuu yangeweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kauli ilikuwa ya kweli na mwenye kuitoa aliaminika. Hata hivyo, mwaka 2022, miaka saba baada ya kuondoka kwake, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni kuwasilisha bajeti na kulieleza tatizo lile lile, akipendekeza watumishi wenye stahili ya magari wakopeshwe badala ya Serikali kuendelea kununua, kuweka mafuta na kutengeneza. Kwamba hoja moja imetolewa na viongozi wawili wa awamu tofauti ni ushahidi kuwa kemeo halitoshi. Kanuni za ununuzi, viwango vya stahili na mgawanyo wa bajeti ndivyo vinavyonunua magari, na visipobadilishwa, hotuba hubaki hotuba.

Mfano wa Novemba 2015 unaonesha upande mwingine. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za mwaka huo, akaelekeza shilingi bilioni 4 zilizokuwa zimetengwa zitumike kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Safari za nje zilibanwa, na bajeti ya mwaka 2016/17 ikatenga asilimia 40 kwa maendeleo. Wananchi waliona kwa macho fedha ikihama kutoka shereheni kwenda barabarani. Katika kipindi hicho hicho, hata hivyo, Serikali iliamua kulifufua Shirika la Ndege kwa kununua ndege mpya, zilizoanza kuwasili Septemba 2016, na kulirejesha Shirika la Reli kwa sheria ya mwaka 2017. Mkono mmoja ulibana, mwingine ukawekeza kwa kiasi kikubwa. Maamuzi hayo mawili hayapingani yenyewe kwa yenyewe, mradi mwananchi aelezwe kipimo cha kila moja.

Takwimu za CAG zinavyosomeka kutoka Mpanda

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mwaka wa fedha 2023/24, iliyokabidhiwa kwa Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025, ilionesha kuwa hasara ya Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) iliongezeka kutoka shilingi bilioni 56.6 hadi bilioni 91.8, licha ya ruzuku ya Serikali. Shirika la Reli Tanzania lilipata hasara ya shilingi bilioni 224, kutoka bilioni 102 mwaka uliotangulia.

Takwimu hizi ni nzito. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga vituo vya afya vya tarafa kwa fedha za tozo za miamala, hesabu ya kituo kimoja ilikuwa takribani shilingi milioni 500. Kwa kipimo hicho, hasara ya mwaka mmoja ya kampuni ya ndege inalingana na gharama ya vituo zaidi ya 180. Kwa Mkoa wa Katavi, ambao kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 una watu 1,152,958 kutoka 564,604 mwaka 2012, ulinganisho huo haupiti hivi hivi. Mkoa ambao watu wake wameongezeka zaidi ya maradufu katika miaka kumi unahitaji madarasa, maji na wauguzi kwa kasi hiyo hiyo.

Lakini takwimu hizo zinastahili kusomwa kwa makini pia. Mwaka wa fedha 2023/24 ulifungwa tarehe 30 Juni 2024. Treni ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro katikati ya mwezi huo, na kufika Dodoma mwishoni mwa Julai. Hivyo shirika lilibeba gharama za maandalizi ya mradi mkubwa bila kuwa limeanza kuvuna mapato yake. Kwa upande wa ndege, injini za Airbus A220 zilikuwa na kasoro ya kiufundi iliyozikumba kampuni nyingi duniani, na ndege isiyoruka huendelea kugharimu. Hasara ya aina hii na hasara inayotokana na manunuzi mabovu, madeni yasiyofuatiliwa au wafanyakazi wasio na kazi zinaweza kuandikwa katika mstari mmoja wa hesabu, lakini tiba zake hazifanani.

Kuna jambo la tatu ambalo mtu wa Mpanda analiona upesi kuliko mtu wa Dar es Salaam. Ndege ya Dash 8 Q400 yenye viti 76 haitui Mpanda kwa sababu ni njia yenye faida kubwa. Treni haiji Mpanda kwa sababu ya gawio. Vikiendeshwa kwa hesabu ya biashara peke yake, vyote viwili vingeweza kusitishwa kesho, na ahadi ya mashirika kujitegemea ingekuwa imetimizwa kikamilifu kwa gharama ya watu wa Katavi.

Ahadi isiyo sahihi

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Kwa miongo mitatu wananchi wameahidiwa kuwa mashirika hayatachukua tena fedha ya kodi. Ahadi hiyo huvunjika si kwa sababu viongozi wote hawana nia, bali kwa sababu imeunganisha mambo mawili. Kuna fedha inayolipwa ili huduma ifike mahali ambapo soko lisingeifikisha, na kuna fedha inayolipwa ili kuficha uendeshaji mbovu. Ya kwanza ni haki ya raia wa pembezoni, kama ilivyo barabara au zahanati. Ya pili ndiyo upotevu. Maadamu zote mbili hupita katika mfuko mmoja unaoitwa ruzuku, upotevu hujificha nyuma ya huduma, na siku ya kubana matumizi huduma ndiyo hukatwa kwanza.

Jirani wa Kenya wametoa mifano miwili inayofundisha. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipewa mabilioni ya fedha za umma kwa awamu, kila mara kwa ahadi kuwa ingesimama, lakini Septemba 2019 iliwekwa chini ya mrasimu wa benki iliyokuwa ikiidai. Kenya Airways nayo ilipewa dhamana ya Serikali na madeni yake yakapangwa upya mwaka 2017. Ilichukua hadi mwaka 2024 kutangaza faida, ya kwanza katika zaidi ya muongo mmoja. Kote fedha ilitolewa. Mumias iliendelea kupokea huku wakulima wakihamisha miwa yao na mashine zikisimama. Kenya Airways ililazimika kupanga upya madeni, umiliki na njia zake, na hata hivyo mlipa kodi alibeba sehemu ya mzigo.

Nchini, hatua kadhaa zimechukuliwa kuelekea utaratibu badala ya kauli. Ofisi ya Msajili wa Hazina husaini mikataba ya utendaji na bodi za mashirika. Desemba 2023 Serikali ilitangaza kuunganisha taasisi 16 na kufuta nne, kazi inayohitaji marekebisho ya sheria na ambayo wananchi wana haki ya kuifuatilia hadi mwisho. Juni 2025 mashirika na kampuni ambazo Serikali ina hisa ziliwasilisha gawio na michango ya zaidi ya shilingi trilioni moja. Hayo ni mafanikio. Hata hivyo, gawio la shirika moja halifuti hasara ya jingine, na mikataba ya utendaji itakuwa na nguvu zaidi pale vipengele vyake vikuu vitakapowekwa wazi kwa lugha ambayo diwani na mwananchi wanaielewa.

Nini kifanyike

Ruzuku inayokwenda katika njia zisizo na faida, kama tawi la Kaliua hadi Mpanda au safari za ndege za mkoani, ingefaa itajwe peke yake katika bajeti: kiasi chake, idadi ya safari inazonunua na muda wake. Treni isipokuja, mwananchi ajue kuwa kitu kilicholipiwa hakikuletwa. Fedha ya kulinusuru shirika lililoyumba nayo iwe na masharti na tarehe ya mwisho, ili Bunge lijue siku ya kuuliza.

Uwekezaji mpya pia upimwe kwa ukamilifu wake. Bandari ya Karema katika Wilaya ya Tanganyika imejengwa kwa takribani shilingi bilioni 47.9, ikilenga soko la Mashariki ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Thamani yake kamili inategemea barabara ya lami ya Kagwira hadi Karema, meli za kutosha na mpango wa kuifikisha reli ya kisasa ufukweni. Gati bila barabara ni mtaji uliolala, na mtaji uliolala ni matumizi mabaya hata kama hakuna aliyeiba.

Wajibu mwingine uko karibu zaidi na mwananchi. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka CAG kukagua hesabu za Serikali walau mara moja kwa mwaka na ripoti yake kufikishwa bungeni. Ripoti hizo husomwa Dodoma kila Aprili, na baada ya wiki chache mjadala hupoa. Halmashauri tano za Katavi, yaani Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, zina mabaraza ya madiwani, na kila kata ina mikutano ya hadhara. Hakuna kinachozuia hoja za ukaguzi zinazouhusu mkoa kusomwa katika mikutano hiyo, pamoja na majibu ya watendaji. Halmashauri nazo haziwezi kudai nidhamu ya Hazina huku zikiwa na hoja zisizofungwa katika vitabu vyake zenyewe.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Mkazi wa Mpanda ameishi na deni hilo tangu reli ilipoachwa na mgodi, na hajawahi kudai kwamba Serikali isitumie fedha. Anachodai ni kwamba fedha ikitumika kwa jina lake, treni ifike, ndege itue, na bandari ipakie mzigo. Kiongozi atakayeahidi hivyo, kwa kiasi na kwa tarehe, atakuwa ametoa ahadi inayoweza kupimwa, na inayoweza kupimwa ndiyo pekee inayoweza kutunzwa.